Mistari Mitatu, Miwili, Mmoja

Kila Alhamisi, alasiri,
tunatoka Lehrte kwenda Peine,
mimi, Wendelin, na keki ya plamu mapajani mwangu,
kwa dada yake Irmtraud
anayegawa karata saa kumi kamili
na hajamsamehe mtu hata dakika.

Barabara kuu ina malori:
ya Poland, ya Lithuania, ya Uholanzi yenye maua,
yameshikana mkia kwa kichwa
kama siafu waliotia saini mkataba.
Na Wendelin, miaka thelathini na minane,
aliyapita yote kwa njia ya kushoto
hadi dakika ya mwisho.
Kibao cha buluu, mistari mitatu: mita mia tatu.
Yeye yumo katika habari za bei ya viazi.
Mistari miwili. Bado viazi.
Mmoja,
na hapo ndipo alipokata usukani,
tukavuka njia mbili kwa pumzi moja,
tukakanyaga ile pembetatu ya michirizi meupe
isiyo ya mtu wala ya gari,
keki ikahamia pembeni mwa sanduku.
"Si tumefika?" husema.
Mimi nahesabu vidole vyangu.

Nilimwambia. Nilimwambia
mpaka maneno yenyewe yakaota ukungu.

Kisha Machi ile, mvua nyembamba.
Alitazama kioo cha kati, akatazama cha pembeni,
vyote viwili vikamjibu: hakuna mtu.
Vioo havikusema uongo.
Havikuulizwa habari za begani.
Pale, padogo, panapotosha pikipiki moja tu,
alikuwapo binti wa jaketi la kijani.
Honi sikuisikia. Nilisikia kiganja chake
kikipiga dirisha langu,
pa, pa,
kama jirani aliyeishiwa chumvi.

Wendelin akarudi kushoto.
Binti akayumba, akanyooka, akaenda zake.
Hakutukana. Hakugeuka.
Alama ya glovu ilibaki kwenye kioo
na maji yakaifuta kabla hatujafika.
Jioni ile Wendelin alishika karata
zikiwa zimempa dadaye uso,
na Irmtraud, kwa mara ya kwanza maishani,
hakusema neno.

Sasa mume wangu ana shingo.
Kilomita mbili kabla, anaanza kuhama:
indiketa kwanza, tiki, tiki, tiki,
kama apigaye hodi akangoja aambiwe karibu;
kioo, kioo, jicho la bega;
ndipo gari linasogea
taratibu, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi la kanisa.
Anatulia humo kidogo. Kisha njia inayofuata, upya,
hodi ileile.
Wala hakanyagi breki mbele ya wenye haraka.
Anaingia kwanza kwenye njia ya kutokea,
akishakuwa ndani yake ndipo anapunguza.
Viazi vimehamia mezani kwa Irmtraud.

Alhamisi iliyopita alihama mapema, kama kawaida,
lakini msururu wa malori ulikuwa mzito upande wa kulia,
hodi yake haikuitikiwa.
Mistari mitatu.
Miwili.
Nikaishika keki kwa mikono yote miwili,
mwili wangu unakumbuka kuliko mimi.
Mmoja.

Mikono yake ilibaki palepale.
Peine ikapita dirishani
na kituo chake cha mafuta,
na bango la magodoro, na mnara,
na saa kumi yenyewe ikapita.
"Mji hauhami," akasema.
"Kuna njia nyingine mbele."
Akazima indiketa. Ukimya ule
nisingeubadilisha kwa pete.

Saa kumi na dakika kumi na moja.
Irmtraud mlangoni, karata mkononi:
"Mmechelewa."
"Tumechelewa," akasema Wendelin
akifuta viatu, kwa sauti
ya mtu aliyeleta zawadi.

Nikafunua sanduku mezani.
Keki ilikuwa katikati.